SOMO LETU: NGUVU ZA JUA, ZA MAJI NA ZA KUNI, NA HABARI ZA KASULU NA KIBONDO



Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa kuwa jua lina nguvu. Tunapoanika karafuu juu ya majamvi, siku chache za jua zuri hutupa karafuu kavu yenye rangi ya kupendeza, na wingu moja la mvua likitukuta tumelala latuharibia kazi ya juma zima. Jua tumelitumia tangu enzi za babu zetu na hatukulilipia hata senti. Lakini siku hizi kila mwenye duka anatuuzia jua: taa za sola, pampu za sola, vikaushio vya sola. Wanachama kadhaa wametuuliza kama vitu hivi vyafaa kununuliwa, na kama yafaa chama kivinunue kwa mabanda yetu.

Jibu letu litapita njia ya mbali kidogo. Twataka kuwachukua wasomaji mpaka nyanda za juu za Kigoma, katika wilaya za Kasulu na Kibondo, nchi ya Waha, karibu na mpaka wa Burundi. Mtu atasema: wapi na wapi? Kule hakuna mkarafuu wala bahari. Ni kweli. Lakini watu wa kule walikuwa na shida iliyo ndugu ya shida yetu, na mengi yamejaribiwa kwao ambayo kwetu bado twayaulizia bei.

Sisi tuliokuwako Pemba kabla ya mwaka 2010 twakumbuka umeme wa mitambo ya dizeli ya Wesha. Mafuta yakichelewa, giza. Mtambo ukiharibika, giza. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika mwaka huo, tuliona tofauti. Ndugu zetu wa Unguja nao, waliokuwa na waya wao tangu 1980, walionja giza la mwezi mzima mwaka 2008, kisha la miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Basi Kasulu na Kibondo zilikaa katika hali kama ile ya Wesha mpaka mwaka 2022. Miji hiyo iliwashwa kwa mitambo ya dizeli, na kila pipa la mafuta lilisafirishwa kwa njia ndefu ya nchi kavu. Mwaka huo ndipo ilipounganishwa na gridi ya taifa kupitia Nyakanazi, na mitambo ikazimwa.

Zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo, ulikuwako mpango mwingine. Serikali ya Marekani, kwa mfuko wake wa Changamoto za Milenia, ilitia mkataba na Tanzania mwaka 2008. Mkataba huo wanachama wetu wanaujua bila ya kuujua: ndio uliolipia waya mpya wa Unguja uliozinduliwa 2013, na ndio uliotengeneza baadhi ya barabara za mashamba za Pemba tunazopitishia magunia yetu. Kwa upande wa Kigoma, kusudi la kwanza lilikuwa kujenga mtambo mdogo wa maji katika maporomoko ya Igamba, mto Malagarasi. Wataalamu wa mazingira walipokwenda kuchunguza mto, waliona kuwa pale mna viumbe wa majini walio adimu, ambao wangeweza kupotea. Mpango ukaachwa. Badala yake fedha zikapelekwa kwenye sola, zikawekwa katika shule za sekondari 45, vituo vya afya 10 na zahanati 120 za mkoa wa Kigoma, na masoko ya vijiji pia. (Igamba haikusahauliwa. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kukopesha fedha za mtambo wa megawati 49.5 katika mto huo huo.)

Msomaji afikiri kidogo juu ya zahanati hizo 120. Kila moja ina paneli juu ya paa, betri ndani ya chumba, waya na taa. Paneli nzuri hukaa miaka ishirini na zaidi. Betri ya risasi, ikitunzwa, hukaa miaka mitatu mpaka mitano. Isipotunzwa, mwaka haumaliziki. Nani atakayetazama maji ya betri? Nani atakayejua kuwa fyuzi imekatika, si mtambo uliokufa? Fundi aliyeweka amekwisha rudi mjini, na mjini ni mwendo wa siku nzima. Mama aliyefika kujifungua usiku hasaidiwi na paneli yenye umri wa miaka ishirini iliyoungwa na betri iliyokufa.

Hapa ndipo linapoingia neno la chuo kikuu, na ndilo somo letu la leo.

Vyuo vyetu vinavyosomesha mambo ya nishati si vichache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya uhandisi iliyotokana na kitivo kilichofunguliwa mwaka 1973. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, inayofundisha nishati na maji kwa shahada za juu. Chuo cha Ufundi Arusha, ingawa si chuo kikuu kwa jina, kimepewa kituo kikongwe cha umeme wa maji cha Kikuletwa, wilaya ya Hai, kiwe mahali pa mafunzo na utafiti wa nishati jadidifu. Sisi twaupenda sana mfano huo wa Kikuletwa. Kituo kilichokuwa kimenyamaza kimegeuzwa darasa, na kijana akishika mtambo uliokwisha kuchakaa hujifunza zaidi ya yule aliyechorewa mtambo mpya ubaoni. Ng'ambo ya mpaka, Makerere ina kituo cha utafiti wa nishati ambacho moja ya kazi zake ni kupima majiko, na Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, hufundisha mafundi wa sola kwa mikono na chenyewe kimefunika mapaa yake kwa paneli. Na kwetu Unguja, pale Kinyasini, tangu 2015 wako akina mama wa vijijini wanaofundishwa kuunga na kutengeneza mitambo ya sola. Wengine hawakusoma sana shuleni. Hujifunza kwa rangi za waya na kwa kushika, kisha hurudi vijijini kwao wakiwa mafundi.

Mwanafunzi wa uhandisi anayejua hesabu zote lakini hajapata kufungua betri ni sawa na mtu aliyesoma kitabu cha kuchuma karafuu na hajapanda mkarafuu. Atakwambia kwa usahihi urefu wa ngazi unaotakiwa. Mwacheni apande.

Sasa tufuate kazi yenyewe, kama inavyofanywa na wanafunzi wanapotoka nje ya darasa. Tutatumia mifano ya nchi ya Kasulu na Kibondo, na hesabu ni zile ambazo mwanachama yeyote anaweza kuzifanya kwa penseli.

Tuanze na maji, kwa kuwa vilima vya Kasulu vina vijito vingi. Nchi ni ya juu, zaidi ya futi 4,000, na mvua hunyesha kuanzia Oktoba mpaka karibu na Mei. Anayetaka kujua kijito kina nguvu kiasi gani anahitaji vitu viwili tu: maji ni lita ngapi kwa sekunde, na yanashuka mita ngapi. Lita hupimwa hivi. Kinga maji yote kwa matope na gome la mgomba yapite mahali pamoja, weka ndoo ya lita 20, hesabu sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 4, kijito kina lita 5 kwa sekunde. Kijito kikubwa kisichokingika kwa ndoo hupimwa kwa upana, kina na mwendo wa kijiti kinachoelea, lakini hiyo ni kazi ya siku nyingine. Mshuko hupimwa kwa mpira mwembamba wa maji unaopenya nuru. Maji katika ncha zake mbili hukaa sawasawa daima, basi mtu mmoja hushika ncha moja juu na mwenzake ncha ya pili chini kwenye ufito wenye alama, wakashuka hatua kwa hatua wakijumlisha.

Kisha zidisha lita kwa mita, halafu zidisha kwa 5. Jibu ni wati utakazopata. (Vitabu vyasema 9.81, nayo ni kweli kwa maji yenyewe. Lakini bomba lakula, gurudumu lakula na jenereta yala, hata ibaki kama nusu.) Kijito cha lita 20 kwa sekunde kinachoshuka mita 15 kitatoa wati 1,500. Kwa taa za siku hizi za wati 8, hizo ni zaidi ya taa 180, usiku na mchana, bila ya betri. Kijiji kizima chaweza kuwaka.

Lakini hapa pana mtego, nao umewanasa wengi. Mwanafunzi akienda Kasulu mwezi wa Machi atapima kijito kilichoshiba mvua. Atarudi na hesabu nzuri, mtambo utaagizwa kwa kipimo hicho, na ifikapo Septemba kijito kitakuwa uzi. Mtambo wa maji hupimwa mwisho wa kiangazi, maji yanapokuwa haba. Wenyeji wanajua hayo. Bibi anayeteka maji pale kila siku anajua kijito kilikauka mwaka gani na kilirudi lini, naye haandikwi katika karatasi za utafiti. Mwalimu mwema wa chuo humwambia mwanafunzi wake amwamkie yule bibi kwanza, aulize, ndipo atie ndoo majini.

Tuje kwenye jua. Chukua zahanati ndogo ya Kibondo. Ina taa 6 za wati 8, zinazowaka saa 5 kila usiku. Hesabu: 6 mara 8 mara 5 ni 240. Ongeza 60 kwa redio na kuchaji simu ya kazi, jumla 300. Hizi huitwa wati-saa, nazo ndizo matumizi ya siku moja. Jua la nchi zetu laweza kuhesabiwa kama saa nne na nusu za nguvu kamili kwa siku, ingawa laonekana saa kumi na mbili. Paneli ya wati 100 itatoa wati-saa 450. Toa karibu theluthi kwa vumbi, joto na upotevu wa waya, zabaki kama 300. Imetosha, tena barabara bila ya ziada. Betri ya volti 12 iliyoandikwa 100 ina wati-saa 1,200. Ya risasi haifai kunywewa zaidi ya nusu yake, basi una 600, yaani siku mbili za mawingu. Paneli huinamishwa kidogo, nyuzi kumi au kumi na tano, ielekee kaskazini, maana Kasulu iko kusini ya ikweta. Mwinamo huo ndio unaosaidia mvua kuosha vumbi. Unguja na Pemba nazo ziko kusini, kwa hivyo kanuni ni ile ile.

Sasa tazameni jinsi mtambo kama huo unavyokufa. Hauibiwi wala haupigwi na radi. Siku moja mtu wa heshima aomba kuchaji simu yake. Kesho waja watano. Halafu yaletwa televisheni ya kutazama mpira, kisha mashine ya kunyolea. Kila mmoja asema kidogo tu. Betri yanywewa mpaka chini kila usiku, na kabla ya mwaka kwisha haishiki tena. Watu wasema sola ni uongo. Jua halikupungua hata wati moja. Aliyekosekana ni mtu mmoja aliyefundishwa ile hesabu ya 300, na mwenye ruhusa ya kumwambia mkubwa wake hapana.

Sisi wenyewe tuliwahi kuingia katika hasara hiyo. Tulinunua taa za sola kwa banda letu, muuzaji akatuhakikishia miaka mitano, na mwezi wa nane tukarudia chemli. Tulimlaumu muuzaji. Baadaye mjukuu wetu aliyesomea ufundi alipofungua betri, akakuta maji yamekauka na waya ni mwembamba kuliko unaotakiwa. Hatukuwahi hata siku moja kulifungua lile sanduku.

Friji ya chanjo ni jambo la peke yake, na makosa yake ni makubwa. Chanjo nyingi zataka kukaa baina ya nyuzi 2 na 8 za joto. Zikizidi huharibika, na zikiganda baadhi yake huharibika vile vile, wala mtoto anayedungwa hajui. Kwa ajili hiyo friji haiungwi pamoja na taa wala simu. Hupewa paneli zake mwenyewe. Zimetengenezwa friji zisizohitaji betri kabisa. Mchana, jua likiwapo, zafanya barafu ndani ya kuta zake, na usiku barafu ile huhifadhi ubaridi. Waliobuni hizo walifikiri vizuri, maana waliondoa kile kinachokufa kwanza.

Jambo la tatu ni kuni, na kwa Kasulu na Kibondo ndilo zito kuliko yote. Gridi imefika, nguzo zinaendelea kwenda vijijini, lakini sufuria bado imekaa juu ya mafiga. Tena nchi hiyo imepokea wakimbizi kwa miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa watu waliokimbia vita vya Kongo, na mwaka 2015 wakaja Warundi kwa maelfu, Nyarugusu na pia Nduta katika Kibondo. Kila nyumba, ya mwenyeji na ya mgeni, yataka kuni. Misitu ya karibu yapungua, mwendo waongezeka, na anayekwenda ni mwanamke au binti, mara nyingi katika njia isiyo salama. Ugomvi baina ya wenyeji na wageni huanzia huko. Serikali ilitoa mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia Watanzania asilimia 80 waitumie ifikapo 2034. Tarehe hiyo haiko mbali.

Yamekuwako majiko mengi ya kupunguza kuni, na kila mwenye jiko asema lake lapunguza nusu. Utajuaje? Chuo hupima, na kipimo chenyewe ni rahisi hata twaona haya kuwa hatukukifanya zamani. Pima kuni kwa mizani. Chemsha lita 5 za maji kwenye mafiga matatu. Maji yakitokota, zima moto, pima kuni zilizobaki na makaa. Kesho fanya vivyo hivyo kwa jiko jipya, sufuria ile ile, kuni za aina ile ile, mahali pasipo upepo. Rudia mara tatu, maana mara moja ni bahati. Sisi mizani tunayo, ile ile ya karafuu. Na jambo moja mkulima wa karafuu atalielewa upesi kuliko mwanafunzi: kuni mbichi hula moto wake wenyewe kwa kukausha maji yaliyomo ndani yake. Tunajua ni maji kiasi gani hutoka katika karafuu mbichi mpaka ikauke. Kuni nazo ni hivyo hivyo. Kuziweka kivulini penye upepo miezi mitatu kabla ya kuzitumia ni faida isiyo na gharama, na huenda ikapita jiko la bei kubwa.

Biogesi hatutaieleza leo. Yatosha kusema kuwa kituo cha CAMARTEC, Arusha, kimekuwa kikiijenga tangu miaka ya 1980, kwamba huhitaji ng'ombe waliofungwa zizini na maji ya kutosha, na kwamba tope linalotoka ni mbolea.

Basi twarudi kwa swali la wanachama. Maoni yetu ni kuwa chama kisinunue kitu cho chote cha sola msimu huu. Fedha ile ile itumike kwanza kupeleka vijana wawili wakajifunze kwa mikono, na mmoja wao awe binti, kwa kuwa wavulana tukiwafundisha ufundi huenda mjini kuutafutia mshahara. Wakirudi ndipo wao watuambie paneli kiasi gani na waya unene gani, tena watufungulie yale masanduku ambayo tayari tunayo. Tunajua wako watakaosema tunachelewesha maendeleo. Wapo pia watakaosema vijana wakisoma hawarudi. Hilo lina kweli ndani yake, na mkutano ulijadili namna ya mkataba wa kuwafunga miaka mitatu.

Kwa upande wa Kigoma, twaona vyuo vikuu visingoje watu wa Kasulu wapande gari kwenda Dar es Salaam au Arusha. Kasulu kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na Kibondo kipo kingine. Karakana zipo, na vijana wanaojifunza useremala na uashi wapo. Mwanafunzi wa chuo kikuu akikaa huko kiangazi kimoja na mita yake ya umeme, akafundisha na kufundishwa, akarudi mwaka wa pili kutazama kama taa alizoweka bado zinawaka, utafiti wake utakuwa na thamani kuliko ule ulioishia siku ya kufunga mtambo. Ziara ya mwaka wa pili ndiyo inayokatwa kwanza fedha zikipungua. Sisi tungekata sherehe ya uzinduzi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kijito cha shambani kina lita 8 kwa sekunde mwisho wa kiangazi, nacho chashuka mita 12. Kitatoa wati ngapi, na kitawasha taa ngapi za wati 8?

2. Banda lina taa 4 za wati 10, zinazowaka saa 6 wakati wa msimu. Paneli ya wati 100 yatosha? Mlinzi akiongeza televisheni ya wati 40 kwa saa 3, je?

3. Pima kuni za nyumba yako kwa siku saba mfululizo. Andika uzito, aina ya mti, na kama zilikuwa mbichi au kavu.

Majibu ya maswali mawili ya kwanza yatatolewa katika toleo lijalo. La tatu jibu lake mnalo ninyi. Liletwe kwa Katibu kabla ya mwisho wa mwezi, nasi tutayachapa yote, bila ya majina.